Nani Kamsamehe Stesheni Masta?

Wajapani wana neno poppoya. "Poppo" ni mlio wa gari moshi jinsi mtoto anavyouiga, na "ya" ni mwenye kazi hiyo. Kwa hiyo poppoya ni mtu wa reli, ila kaitwa kwa mdomo wa mtoto. Jiro Asada alilifanya jina la hadithi yake fupi, na kitabu kilichoibeba kikapata Tuzo ya Naoki mwaka 1997. Mwaka 1999 Yasuo Furuhata akaitolea filamu, Ken Takakura akiwa stesheni masta. Ni filamu ya kuliza watu, na inaliza kweli, si mchezo. Hapo ndipo ugomvi wangu nayo unapoanzia.

Mzee Otomatsu anasimamia stesheni ya Horomai, mwisho wa reli, kule Hokkaido kwenye theluji. Mgodi wa makaa ya mawe umeshafungwa, vijana wameondoka, reli yenyewe imepangiwa kufungwa, naye mzee anakaribia kustaafu. Kinachofika stesheni ni behewa moja tu la dizeli. Hata hivyo anasimama wima kwenye baridi, kofia kichwani, bendera mkononi, anaonyesha kidole njiani kuhakikisha salama, anapuliza filimbi. Kwa abiria wawili watatu! Au hakuna kabisa.

Nasema wazi: behewa hilo ndilo mhusika bora wa filamu hii. Ni la aina ya Kiha 12, na hilo jina nalo lina utamu wake. "Ki" ni kifupi cha neno lao la behewa linalojiendesha kwa injini yake. "Ha" ni herufi ya tatu katika mpangilio wao wa zamani wa i, ro, ha, yaani daraja la tatu. Kwa lugha ya mtaani, ni behewa la walalahoi, na limeandikwa hivyo ubavuni. Injini imelala chini ya sakafu, abiria wanakaa juu ya ngurumo yake. Halihitaji nyaya za umeme wala kichwa cha kulivuta, ndiyo maana likafaa kule ambako abiria hawatoshi kulipia hayo yote.

Na hata behewa lenyewe linaigiza. Kiha 12 ni za miaka ya 1950, hazikuwapo tena kazini. Wakachukua Kiha 40, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1977, nzito, yenye nguvu farasi 220 tu na uvivu wake mlimani, wakaibadilisha uso na kuipaka rangi ya zamani. Basi unapoliona likija polepole katika theluji, taa moja ikiwaka, unaona kitu kilichovalishwa ujana wa mwenzake. Hakuna anayelisemea. Furuhata analiacha lifike, lisimame, liondoke, nasi tunahesabu wenyewe waliobaki. Wale wenzangu wa "fani na maudhui" waitazame sehemu hiyo mara mbili.

Sasa njoo kwa binadamu. Otomatsu na mkewe Shizue wanapata mtoto baada ya kungoja miaka. Mtoto anaugua akiwa na miezi miwili, Shizue anampeleka hospitali kwa treni, jioni treni inamrudisha akiwa na maiti mikononi. Baba yuko jukwaani, na bendera. Mke anamwambia la moyoni: hata mwanao aliyekufa unampokea kwa bendera. Miaka inapita, Shizue naye anafia hospitalini, mume yuko kazini, hakuna wa kumpokea zamu.

Hapo filamu imejifunga kitanzi, na ilikuwa imejifunga vizuri. Inajifungua vipi? Kwa mzimu. Binti anakuja katika umri alioukosa, kwanza mtoto mdogo mwenye mwanasesere, kisha mkubwa kidogo, mwisho msichana wa sekondari anayempikia baba yake na kumwambia hana kosa. Asubuhi mzee anakutwa amekufa jukwaani, kafunikwa na theluji.

Jamani, huu ni msamaha wa kujiandikia. Huyo binti hakuwahi kusema neno maishani, kwa hiyo mwandishi anaweza kumtia mdomoni lolote. Mzee ameandikiwa hakimu asiyejua kukasirika. Sisi tunaoshika kalamu tunaujua mtego huu, marehemu ni rahisi kuwaongoza. Na mbaya zaidi, utii wake umegeuzwa utakatifu, wakati aliokuwa akiwatii walikuwa wanapiga hesabu. Sheria ya mwaka 1980 ilizipima reli za vijijini Japani kwa wingi wa abiria, na reli 83 zikaandikiwa kuondolewa katika shirika la taifa. Shirika lenyewe likagawanywa na kubinafsishwa mwaka 1987, neno ambalo kwetu si geni. Bendera ya Otomatsu haikuwamo katika hesabu hizo. Filamu inalijua hilo, inaligusa, kisha inakimbilia theluji na muziki.

Stesheni iliyotumika kama Horomai ni Ikutora, kwenye reli ya Nemuro. Agosti 2016 kimbunga kiliharibu njia, mabasi yakashika zamu, na tarehe 1 Aprili 2024 kipande cha Furano hadi Shintoku kikafungwa rasmi. Lile behewa lilishastaafu zamani, kichwa chake kikakatwa na kuwekwa karibu na stesheni, watu wapige picha.

Takakura, nikiri, anabeba yote haya kwa uso tu, na pengine ndiyo sababu watu wanaisamehe filamu. Mimi nilimngoja Shizue. Yeye aliishi, alipanda ile treni akiwa na mtoto anayehema na akarudi nayo akiwa na maiti, na ndiye mwenye deni. Angegonga yeye mlango wa ofisi usiku ule, badala ya binti, tungeona huyo mzee anamjibu nini.