Wazazi wawili hawana kosa: tuulize nani anaitika kwanza

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mtu aliyepita mu masomo ya informatiki anaijua kwa kichwa: "Urithi wa wazazi wengi ni mbaya, njo maana Java iliukataa." Inaandikwa ubaoni, inaingia mu silabusi, inarudi ku mtihani, kisha tunaibeba mpaka ku kazi. Leo nataka kuikosoa. Sifanyi hivyo kwa kupenda ubishi. Ile sentensi inatufanya tutumie kitu kila siku bila kukijua, na mahali tunapokitumia kuna siri za watu.

Tukumbushane kidogo. Klasi ni ramani ya kutengenezea vitu vya aina moja ndani ya programu: inasema kitu kiko na habari gani na kinaweza kufanya kazi gani. Klasi mpya inaweza kurithi ya zamani, ikapata habari zake na metodi zake bila kuziandika upya. Lugha zingine zinaruhusu mzazi mmoja tu. Zingine, kama C++ na Python, zinaruhusu wawili, watatu, hata zaidi.

Mfano unaopendwa mu oditwari ni wa asistanti. Tuna klasi Mtu, yenye jina. Klasi Mwanafunzi inarithi Mtu. Klasi Mfanyakazi nayo inarithi Mtu. Halafu asistanti anasoma na huku anafanya kazi chuoni, kwa hiyo klasi Asistanti inarithi zote mbili. Ukichora mistari, inatoka umbo la almasi (hii si ile ya Mbuji-Mayi), na tatizo lake linaitwa hivyohivyo: tatizo la almasi. Asistanti yuko na jina moja ao mawili?

Mu C++ jibu linashangaza: mawili. C++ ya Bjarne Stroustrup ilipata urithi wa wazazi wengi mu toleo la 2.0, mwaka 1989, na kama hukusema kitu kingine, kila mzazi anakuja na Mtu wake. Jina linaloandikwa kwa njia ya Mwanafunzi halifiki kwa Mfanyakazi. Ku orodha ya wanafunzi anaitwa hivi, ku orodha ya mishahara vingine. Ukiomba jina bila kusema la upande gani, kompaila inakataa, inasema haielewi unataka lipi. Dawa iko: Mwanafunzi na Mfanyakazi wanaweza kurithi Mtu kwa njia inayoitwa "virtual", na Mtu anabaki mmoja. Maktaba ya C++ yenyewe inafanya vile: istream ya kusoma na ostream ya kuandika zote zinatoka kwa ios, na iostream inazirithi zote mbili. Kila siku watu wanaandika programu juu ya ile almasi, na kazi inatembea.

Mwalimu anaishia hapo: "Munaona? Ni hatari." Mimi naona mfano wenyewe ndio mbaya, na ubaya wake hautoki kwa wazazi wawili. Asistanti akimaliza masomo, si mwanafunzi tena. Lakini mu C++ ao Java, kitu kilichozaliwa ndani ya klasi kinabaki ndani yake mpaka mwisho, hakiwezi kuvua mzazi kama mtu anavyovua koti. Kusoma na kufanya kazi ni mambo ambayo mtu yuko nayo kwa muda. Ilifaa tuandike Mtu mwenye orodha ya shughuli zake, moja inaisha, nyingine inaanza. Na angalia vizuri: hata kama asistanti angerithi Mwanafunzi peke yake, mzazi mmoja tu, kosa lingebaki lilelile. Tumechukua mfano usiofaa urithi wowote, tukautumia kuhukumu urithi wa wazazi wengi. Mu tribinali hiyo kesi isingepita.

Sasa ile nusu ya pili: "Java iliukataa." Ni kweli kwamba Java, iliyotoka kwa Sun Microsystems mwaka 1995, inaruhusu klasi moja tu ya kurithi. Lakini toka mwanzo iliruhusu interfasi nyingi, maana yake ahadi nyingi za kazi ambazo klasi itafanya. Mwaka 2014, Java 8 ikaongeza jambo: interfasi inaweza kubeba metodi iliyoandikwa tayari. Kwa hiyo klasi ya Java inaweza leo kupata metodi kutoka pande mbili. Pande hizo zikileta metodi yenye jina moja, kompaila inasimamisha kazi mpaka uandike mwenyewe ni ipi unataka. Kile ambacho Java imekataa mpaka leo ni kurithi habari, kama lile jina la Mtu, kutoka njia mbili. Hapo nakubaliana nayo. Lakini "iliukataa" bila maelezo ni historia ya nusu, na kijana anayeirudia mu entretieni mbele ya mtu anayejua kazi atapata aibu.

Juu ya nini nasema kuna siri za watu? Wengi wetu tukitoka chuo hatuandiki C++. Tunaandika Python, na kwa tovuti tunatumia Django. Tuseme unaandikia kituo cha afya ukurasa unaoonyesha orodha ya wagonjwa. Django inakupa klasi ListView ya kuonyesha orodha. Toka toleo la 1.9, la mwaka 2015, inakupa pia LoginRequiredMixin, inayokagua kama mtu ameingia na neno lake la siri. Unarithi zote mbili. Ndiyo, ni ule urithi wa wazazi wengi tulioambiwa ni mbaya.

Ukiandika LoginRequiredMixin kushoto na ListView kulia, mlango unafungwa vizuri. Ukizigeuza, ListView kwanza, mlango uko wazi kwa dunia nzima. Hakuna kosa linalotokea ku ekrani. Programu inatembea, orodha inaonekana nzuri. Na wewe uliyeiandika hutaona kitu, maana wewe umekwisha kuingia na neno lako la siri. Atakayeona ni mtu wa inje, siku atakapopata anwani ya ule ukurasa.

Sababu yake ndiyo ambayo silabusi ingefaa kutufundisha. Python haiachi wazazi wagombane. Toka toleo la 2.3, mwaka 2003, inapanga klasi zote ku mstari mmoja, kwa kanuni inayoitwa C3: mtoto anakuja mbele ya wazazi wake, na wazazi wanafuatana kama ulivyowaandika, kushoto kwenda kulia. Isipopata mpangilio unaoheshimu yote hayo, inakataa kutengeneza ile klasi. Ombi la mtumiaji likifika, Python inatafuta metodi inayoitwa dispatch kwa kufuata ule mstari, na wa kwanza mwenye nayo ndiye anaitika. LoginRequiredMixin akiwa mbele, anakagua, kisha anapitisha ombi kwa anayefuata. ListView ikiwa mbele, dispatch inayopatikana ni ya upande wake, na hiyo haipitishi ombi kwa mtu. Mkaguzi yuko nyuma ya foleni, anangoja ombi ambalo halitamfikia.

Hapo ndipo neno super linaeleweka. Tumefundishwa kwamba super ni "mzazi wangu". Mu Python, super ni anayenifuata ku mstari, na anaweza kuwa klasi ambayo sijawahi kuijua. Asiyejua hilo anaweza kumaliza masomo na kupata licence, na bado akaacha wazi mlango wa kituo cha afya.

Tuwape haki wale wanaoogopa. Programu yenye klasi inayorithi wazazi saba, kila mmoja na wake saba, ni msitu. Kumfuata anayeitika ndani yake ni kazi ya siku nzima. Na mara nyingi kitu kikishika kingine ndani yake inatosha, bila urithi. Lakini jina "mixin" lenyewe linaonyesha matumizi mazuri. Lilitoka kwa watu wa Flavors, mfumo wa vitu uliotengenezwa MIT kule Marekani. Walilichukua ku duka la aiskrimu, mahali mteja anachagua ladha ya msingi halafu wanamchanganyia karanga ao biskuti. Karanga haijifanyi kuwa aiskrimu. Klasi ndogo inayoleta kazi moja tu, bila kubeba habari zake nyingi, inaweza kuchanganywa na klasi nyingine bila fujo. Mkaguzi wa mlango ni wa aina hiyo. Mwanafunzi na Mfanyakazi hapana.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofundisha, na kwa wenzetu wanaoanza kuwa maasistanti, ni dogo: hiyo sentensi itoke ubaoni. Mahali pake tuulize maswali mawili: wazazi hawa wanaleta habari ao kazi tu? Na wakiitwa pamoja, nani anaitika kwanza?

Mwenye kuwa na Python ku mashini, hata ya cyber, aandike leo klasi nne za almasi, kisha aombe Asistanti.mro(). Mstari utatoka wenyewe ku ekrani. Halafu ageuze wazazi, aombe tena, na alinganishe. Na kama uko na ukurasa wa Django unaotumika na watu, ufungue kabla ya kulala, uangalie nani ameandikwa kushoto.