Misaki: kiungo aliyeonekana alipoondolewa

Mfungaji hamsumbui mwandishi: nyavu zikitikisika, msomaji ameshamwona. Anayemtoa mwandishi jasho ni kiungo msaidizi, maana kazi yake huwa imekwisha kabla watu hawajasimama kushangilia. Ndiyo maana namrudia Taro Misaki, mwenzake Tsubasa Ozora katika Captain Tsubasa, katuni ya Yoichi Takahashi iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1981.

Takahashi alianzia nyumbani. Baba yake Misaki ni mchoraji, anahamahama kufuata mandhari, na mtoto anabadili shule kila mara. Anapofika Nankatsu, timu ya Tsubasa, ameshacheza na Hikaru Matsuyama kule Furano, na Kojiro Hyuga kule Meiwa, ambao sasa ni wapinzani. Uhamaji huo haukuwekwa kututoa machozi tu. Mtoto asiyekaa mahali hana muda wa kungoja timu imzoee. Inambidi yeye aizoee, tena upesi. Hapo ndipo pasi yake inapopata sababu. Anajua mwenzake anapenda kuupokea mpira mguu gani, kwa kuwa kujua hivyo ndiko kulikompa marafiki kila alikohamia.

Msomaji wa Sumbawanga anamjua mtoto huyu. Ni wa mwalimu au askari aliyehamishwa: ameanza shule Namanyere, akapita Laela, kisha akaletwa mjini. Inapoundwa kombaini ya mkoa kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yeye ameshacheza na wa Nkasi na wa Sumbawanga Vijijini, na kocha mwenye jicho atamweka katikati. Kwenye uwanda wa Ufipa, uliko mji huo, kuna sababu ya ziada ya kumthamini kiungo wa aina hii. Uwanda huu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15. Mpira mrefu humpita aliyekusudiwa, na kijana aliyepanda kutoka Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, karibu mita 1,000 chini, pumzi humkata mapema. Kugongeana pasi fupi, kama wafanyavyo Misaki na Tsubasa, kunampunguzia mbio.

Lakini hatua kubwa ya Takahashi ni ile iliyofuata ubingwa wa shule za msingi: alimwondoa Misaki. Anaondoka tena na baba yake, na baadaye tunamkuta Ufaransa. Sehemu nzima ya sekondari Tsubasa anacheza bila yeye. Nankatsu haiporomoki, ila tazama gharama yake: Tsubasa anashuka kuchukua mpira, anaupandisha, anapiga mwenyewe, na fainali anaimaliza akiwa majeruhi. Kazi ya wawili imelemea mwili mmoja. Anaporejea, timu ya vijana ya Japani ikiwa Ulaya, hahitaji kutambulishwa kwa maneno. Mpira unarudi kuzunguka.

Ninapogombana na Takahashi ni kwenye lile shuti la pacha, Misaki na Tsubasa wakiupiga mpira kwa pamoja. Linapendeza kutazama, nakubali. Hata hivyo linampa kiungo heshima kwa kumgeuza mfungaji nusu, ilhali kurasa nyingine zinatuonyesha kwamba pasi yake peke yake inatosha.