Riwaya Bila Dondoo

Mkenya aliyepitia shule ya upili anaweza kukueleza maudhui ya riwaya ambayo hakuwahi kuifurahia hata siku moja. Atakutajia ufisadi, utabaka, nafasi ya mwanamke, kisha akuorodheshee tashbihi na methali, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofunzwa kujibu: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Mwongozo wa riwaya huuzwa rafu moja na riwaya yenyewe, na wapo waliofaulu kwa kuusoma mwongozo peke yake. Mimi ni mkazi wa Kitengela, na vitabu ninavyosoma siku hizi ni vya kuazima. Hakuna anayenisubiri na karatasi ya mtihani. Ndiyo maana nimepata wasaa wa kutazama jambo ambalo darasani tulilipita mbio, nalo ni ufundi wa mtunzi: namna alivyoijenga hadithi hata ikasimama.

Maduka mengi ya vitabu mjini kwetu huishi kwa vitabu vya shule, na hilo halishangazi. Huu ni mji wa watu wanaojenga. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa, na ukitembea kandokando ya barabara ya Namanga utaona mabati, saruji na milango ya chuma kabla hujaona jalada la riwaya. Anayetaka riwaya za zamani hupanda matatu hadi Nairobi. Kule kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kuna matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambayo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyafufua. Kuna tawi la Buruburu la Huduma ya Taifa ya Maktaba. Kitabu cha maktaba kina uhuru wake: hukukinunua, basi huna haja ya kujilazimisha kukipenda. Na hukuchagua peke yako. Mara nyingi unachukua kilichopo rafuni, na kilichopo ndicho kinachokufunza.

Nilichokipenda kuliko vyote ni Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Kijana Rashidi anaingia bandarini Unguja kufanya kazi ileile aliyoifanya baba yake, na hadithi inaelekea kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Darasani tungesema maudhui ni unyonyaji, tukafunga daftari. Lakini tazama Shafi anavyofanya kazi yake. Hamkimbizi msomaji kwenye mgomo. Anamkalisha kwanza pale gatini, na magunia, na wasimamizi, na mshahara usiotosha, mpaka msomaji mwenyewe achoke. Mgomo unapokuja, hauhitaji hotuba. Tayari umeubeba mzigo pamoja nao, na unajua kwa nini mtu mzima mwenye watoto anaweza kukubali kukosa posho ya leo. Huo ndio ufundi ninaousifu. Mtunzi asiyejua kazi za watu huandika kuhusu umaskini; Shafi ameandika kuhusu kubeba. Mimi ninayeishi kwenye mji ambao kila asubuhi vijana husimama kando ya barabara wakingoja kuitwa mjengoni, nilikiona kitabu hiki kama kimeandikwa jana.

Vuta N'kuvute cha mtunzi huyohuyo, cha mwaka 1999, ni laini zaidi na watu wengi wanakipenda kuliko Kuli. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mzee asiyemtaka, anatoroka, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma kule Ng'ambo. Amil Shivji amekitengenezea filamu iliyotoka mwaka 2021. Ninakipenda kwa sababu ya Mwajuma hasa. Mtunzi mwingine angemtumia kama ngazi ya kumpandisha Yasmin kisha akamsahau. Shafi amempa ucheshi wake, chumba chake na njaa yake.

Baada ya hapo nilirudi nyuma kwa Mohamed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda shindano la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la 1957 na 1958 kikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na Najum pembeni, na kila mtu anaona kwamba Sherlock Holmes wa Conan Doyle ametia mguu Unguja. Wahakiki wamelisema hilo mno. Lisilosemwa sana ni kwamba fumbo la Abdulla ni la Kiswahili kabisa: jibu hupatikana ndani ya ukoo. Nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani akamficha, urithi ulikwenda wapi. Kwa jamii inayojuana kwa nasaba, hakuna mahali pa kuficha siri panapofaa kuliko hapo. Udhaifu wake ninausema pia: Bwana Msa anapoanza kufafanua mambo mwishoni, hufafanua mpaka chai ipoe. Bado ni muungwana kwa msomaji, kwa kuwa ushahidi hukuwekea mbele ya macho, na usipouona ni juu yako.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya walimu. Marehemu Ken Walibora, aliyetutoka Aprili 2020, ametuachia vitabu vingi, na nchi nzima inamjua kwa Kidagaa Kimemwozea, kilichokuwa kitabu teule kwa miaka kadhaa. Kwangu mimi, Siku Njema cha mwaka 1996 kinakishinda kwa mbali. Katika Kidagaa kuna Amani na Imani, kuna Mtemi Nasaba Bora, kuna Majisifu. Jina limekwisha kutoa hukumu kabla mhusika hajafungua kinywa. Ni desturi ya zamani, Shaaban Robert aliitumia katika Kusadikika mwaka 1951 na ikamfaa, kwa kuwa alikuwa akitunga istiara chini ya utawala wa kikoloni na alihitaji pazia. Lakini riwaya inayotaka nimlilie mtu haina budi kuniacha nimjue mwenyewe. Siku Njema inaniacha. Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa Tanga, anafiwa na mama, anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba. Anasimulia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa akaamua kuwa na adabu. Hajionei huruma, na ndipo huruma yetu inapomfuata. Kuishika sauti moja namna ile kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuteleza ikawa sauti ya mwalimu, ni kazi ngumu. Walibora aliifanya akiwa bado kijana.

Kilichonigusa karibu na nyumbani kimeandikwa kwa Kiingereza. Henry ole Kulet, mwana wa Narok aliyefariki Februari 2021, alituzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa Blossoms of the Savannah na tena kwa Vanishing Herds. Kile cha kwanza wanafunzi wengi walikisoma shuleni: wasichana wawili, Taiyo na Resian, wanahamishwa na baba yao kutoka Nakuru hadi Nasila, na kisu cha tohara kinawangoja. Wasomaji wengi humkasirikia baba, ole Kaelo, na wana haki. Mimi naona hapo ndipo fundi alipojionyesha. Ole Kaelo anawapenda binti zake. Amenaswa na biashara, na hofu ya wazee, na mkono mrefu wa tajiri Oloisudi, na kila hatua anayopiga kuelekea ubaya ina sababu ambayo baba yeyote anaielewa. Kumchora dhalimu ni rahisi. Kumchora mtu mwema anayelegea kidogo kidogo kunataka subira na ukweli.

Vanishing Herds, cha mwaka 2011, nilikisoma polepole zaidi. Kedoki na Norpisia, wanandoa wachanga, wanaswaga mifugo katika nchi ambayo misitu yake inakatwa na malisho yanakwisha. Kukisoma ukiwa Kitengela ni jambo zito. Chini ya sheria ya 1968 ardhi ya hapa ilikuwa ranchi ya pamoja. Ikagawanywa miaka ya 1980, kisha ikauzwa kipande kwa kipande, na nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kuja kulisha kwenye nyanda hizi wamekutana na nyaya. Nyumba ninayokaa imesimama kwenye malisho ya mtu. Ole Kulet hanihukumu. Anamfuata ng'ombe tu, anaeleza anakokunywa na anakokosa, na kwa kumfuata ng'ombe anaeleza nchi nzima. Natamani mno kuvisoma vitabu vyake kwa Kiswahili kizuri, kama Ida Hadjivayanis alivyomleta Abdulrazak Gurnah nyumbani kwa Peponi mwaka 2022.

Kuhusu Nagona cha Kezilahabi nitasema machache. Ni chembamba, ni cha 1990, na hakimshiki msomaji mkono hata kidogo. Ninakiheshimu. Rosa Mistika chake, cha 1971, ndicho ninachokipenda, kwa namna anavyomtazama Rosa na baba yake Zakaria bila kufumba macho.

Mambo haya yote hayakuwa katika mwongozo wowote. Yalinijia kwa sababu niliweza kusoma kitabu, nikakirudisha, nikachukua kingine kukilinganisha nacho. Jicho la kutambua ufundi halifunzwi na kitabu kimoja kwa miaka minne. Linafunzwa na wingi, na wingi huo mtu wa kawaida hawezi kuununua. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya maktaba. Kajiado, kaunti yetu, ina watu zaidi ya milioni 1 kwa sensa ya 2019, na shule zinazojaa kila mwaka. Ninawaomba wanaopanga bajeti, na madiwani wanaoipitisha, wanaponunua vitabu vya kiada wanunue na riwaya, za zamani na mpya, nakala nyingi, na waajiri wakutubi wanaozisoma.

Nawe msomaji, ukipata kadi ya maktaba, anza na Kuli, ufuatishe Siku Njema, kisha Vanishing Herds. Virudishe kwa wakati, maana kuna mwingine anavisubiri.