Kitovu cha Kisahani: Enkoda ya Mwanga Inavyofungwa Ndani ya Chombo cha Upimaji

Pembe inayopimwa wakati bikoni inapowekwa kwenye kona ya kiwanja cha Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, husomwa na kisahani cha kioo kilichofichwa ndani ya chombo cha upimaji kiitwacho totali stesheni. Mpimaji hakioni kisahani hicho. Huona tarakimu tu kwenye skrini: nyuzi, dakika na sekunde. Juu ya kioo kuna maelfu ya mistari ya kromiamu, na kati ya mstari na mstari upo mwanya unaopitisha mwanga. Taa ndogo ya LED humulika upande mmoja, na fotodayodi za upande wa pili hupokea mwanga na kivuli kwa zamu kadiri chombo kinavyogeuzwa. Kisahani pamoja na kichwa chake cha kusomea, yaani taa na fotodayodi hizo, ndiyo enkoda ya mwanga. Enkoda za namna hiyo zimo pia katika lathe zinazoongozwa na kompyuta na katika mikono ya roboti.

Setilaiti zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya upimaji, lakini chini ya miembe ya Ujiji na kwenye vichochoro ambako kuta zimesogeleana, mawimbi ya setilaiti huzibwa au hurudishwa na kuta, na totali stesheni bado haina mbadala wa kuaminika. Kwa hiyo ufungaji wa enkoda yake unagusa mipaka ya watu moja kwa moja.

Wengi hudhani kwamba usahihi wa enkoda unatokana na wingi wa mistari. Hesabu inaonyesha vingine. Tuseme mistari imepangwa kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 40, na kati ya mstari mmoja na unaofuata kuna mikromita 20. Duara hilo litabeba mistari ipatayo 12,566. Mzunguko mzima una sekunde 1,296,000, kwa hiyo hatua moja ni kama sekunde 103. Ili kufikia sekunde moja, saketi hugawa kila hatua mara mia kwa kulinganisha mawimbi mawili ya umeme yaliyopishana robo ya mzunguko. Hiyo ni kazi ya elektroniki, na elektroniki ya leo huiweza bila shida.

Kisichoweza kurekebishwa kwa urahisi hivyo ni kitovu. Kitovu cha mistari kikikosa kitovu cha mhimili kwa sehemu moja ya mia ya milimita tu, kisahani hichohicho kitadanganya kwa karibu sekunde 52 katika upande mmoja wa mzunguko, na kwa kiasi kilekile, kinyume chake, katika upande mwingine. Kwenye mstari wa mita 30, ambao ni ubavu wa kiwanja cha kawaida, kosa hilo ni milimita saba na nusu, na hakuna atakayeliona. Kwenye mstari wa kilomita moja ni sentimita 25. Kwa kilomita 50, ambazo ni upana wa wastani wa Ziwa Tanganyika, lingefika mita 12 na nusu. Hatari yake iko hapo hasa: chombo kibovu kinaweza kupima mtaa mzima na kila kiwanja kikaonekana sawa, kisha dosari ikajitokeza pale ramani za mitaa zinapounganishwa.

Dawa ya kosa hili ni ya zamani kuliko enkoda yenyewe. Kichwa cha pili cha kusomea huwekwa mkabala na cha kwanza, nyuzi 180 mbali nacho. Kitovu kikihama, kichwa kimoja husoma zaidi na kingine husoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Wastani wao hulifuta kosa. Theodolaiti (vyombo vya kupimia pembe) za Heinrich Wild, zilizotengenezwa Uswisi tangu miaka ya 1920, zilitumia kanuni hiyo kwa macho ya binadamu: pande mbili za duara la kioo zililetwa pamoja katika darubini moja ndogo, na mpimaji akasoma wastani kwa mara moja. Katika zama hizo ndipo magharibi mwa Tanganyika palipopimwa kwa usahihi wa juu. Tao la meridiani ya 30, yaani mnyororo wa pembetatu zilizopimwa kutoka kilima hadi kilima, lililopendekezwa na mwanaastronomia David Gill mwaka 1879 ili kuunganisha Afrika Kusini na Misri, hupita kama kilomita 40 mashariki ya mji wa Kigoma. Kipande chake cha Tanganyika kilipimwa na mpimaji Martin Hotine kati ya 1931 na 1933, na tao zima likakamilika mwaka 1954 baada ya kipande cha Sudan kumalizwa. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana msingi wa viwianishi uitwao Arc 1960, uliotumika katika ramani za Tanzania kwa miongo mingi. Minyororo ya pembetatu yenye urefu kama huo isingeweza kubeba sekunde 52 za uongo katika kila kilima.

Kichwa cha pili, hata hivyo, hakiponyi kila kitu. Hufuta makosa yanayojirudia mara moja katika kila mzunguko, lakini yale yanayojirudia mara mbili, kama vile ya kisahani kilicholala mshazari kwenye kiti chake, hubaki yote. Vichwa vinne huyapunguza zaidi, kwa gharama kubwa zaidi. Ndiyo maana ufungaji mzuri wa kisahani haukwepeki, hata katika chombo chenye vichwa viwili.

Kazi huanza kwa kuondoa betri, na si kuzima swichi peke yake, kwa sababu waya ukichomolewa wakati umeme ungalipo saketi ya kusomea huweza kuungua. Fundi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kwani umeme tuli asiousikia hata kidogo mwilini unatosha kuharibu fotodayodi. Kwenye mashine yenye mota, kama vile roboti, umeme mkuu hukatwa na kufungwa kwa kufuli, na mzigo unaoning'inia huwekewa kizuizi kabla ya enkoda kuguswa: mota iliyopoteza habari ya mahali ilipo inaweza kurusha mkono wake bila onyo. Kwenye totali stesheni hatari nyingine ni leza ya kupimia umbali, ambayo kamwe haitazamwi ikiwa imewaka.

Kisha usafi. Kisahani hushikwa kwa kingo tu, na glovu, maana mafuta ya kidole hutanda juu ya mistari na kupunguza mwanga. Kioo hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye spiriti safi kidogo. Kigoma ina maadui wawili: vumbi la kiangazi na unyevu wa masika. Chombo kinachotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kufunguliwa papo hapo kwenye joto la nje huvuta umande ndani. Lazima kwanza kikae ndani ya sanduku lake mpaka joto lilingane. Unyevu uliofungiwa ndani huotesha kuvu juu ya vioo, na kuvu hiyo hula hata rangi ya kinga iliyopakwa juu yake.

Kabla ya kisahani kuwekwa, kiti chake hupimwa kwa geji yenye mshale huku mhimili ukizungushwa. Kiti kikiyumba, kosa liko kwenye beringi, na kufunga kisahani juu yake ni kupoteza muda. Kiti kikiwa sawa, kisahani huwekwa, skrubu hukazwa nusu tu, na ukingo wa duara la mistari hutazamwa kwa hadubini wakati wa kuzungusha. Tofauti kati ya nafasi ya mbali kabisa na ya karibu kabisa ni mara mbili ya kosa la kitovu. Ikiwa ukingo umecheza mikromita 20, kisahani husogezwa mikromita 10 kwa kugongwa taratibu na kijiti cha plastiki upande uliotokeza, kisha huzungushwa tena. Hapa subira ina thamani kuliko nguvu: pigo moja kubwa hurudisha kazi mwanzo. Gundi ikitumika badala ya skrubu, kipimo hurudiwa ikishakauka, kwa kuwa gundi husinyaa na kuvuta kioo.

Kichwa cha kusomea hufuata. Nafasi kati yake na kisahani ni sehemu ndogo ya milimita, ile iliyotajwa na mtengenezaji, na hupimwa kwa bamba jembamba la plastiki lisilokwaruza, wala si la chuma. Mawimbi mawili huonyeshwa kwenye osiloskopu, moja kwa kila mhimili wa skrini. Yakiwa sawa huchora duara. Duara likibonyea kuwa yai la mshazari, wimbi moja halijapishana na jingine robo kamili, na kichwa kinahitaji kugeuzwa kidogo; likipanuka na kusinyaa wakati kisahani kinazunguka, kisahani kimelala mshazari. Picha hiyo hueleza mengi kuliko tarakimu za skrini ya chombo.

Mwisho wa ufungaji ni jaribio, kwa kufuata utaratibu kama wa kiwango cha ISO 17123-3. Shabaha kadhaa huwekwa kuzunguka chombo, na pembe zake husomwa kwa uso wa kushoto na wa kulia, katika seti kadhaa. Duara likizungushwa kati ya seti, makosa yaliyobaki ya kila uso huchorwa kama mchoro. Mlima mmoja na bonde moja katika nyuzi 360 humaanisha kitovu. Milima miwili humaanisha mshazari. Baada ya hapo makosa ya darubini na ya kipima wima huwekwa upya kwenye programu, kwa sababu kufungua chombo hubadilisha yote. Jaribio hurudiwa mahali pa kazi. Chombo kilichosawazishwa Dar es Salaam kimesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kufika ziwani, na mtikisiko wa safari huweza kulegeza kile kilichokazwa vizuri mezani.