Mbwa-mwitu Waliobadili Sauti

Msomaji, je, mwacha asili ni mtumwa kila mara? Mwaka 1997 kundi la Ulver la Norwe, ambalo jina lake maana yake ni mbwa-mwitu, lilitoa sahani ya Nattens madrigal: magitaa yenye kukwaruza, ngoma za mbio na mayowe, kama ilivyo ada ya blaki metali. Katika Perdition City ya mwaka 2000 mayowe yalikoma. Zikasikika sauti za piano, saksafoni na midundo ya mitambo. Wasikilizaji waligawanyika: hawa walilalamika kuwa wamesalitiwa, wale walisifu ujasiri. Kwangu mimi, asili yao ilikuwa kiza na upweke, wala si mayowe; navyo vilitoka mwituni vikaingia mjini. Basi usihukumu badiliko kabla hujatambua kilichobaki.