Kokoto iliyoelea Mai Mahiu

WIKI tatu zilizopita nilikuwa Mai Mahiu, pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ninakojengewa nyumba ya vyumba vitatu. Orodha ya vifaa nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kwa Kiswahili sanifu kitupu, kama inavyomstahiki mtu aliyelifundisha somo hili kwa zaidi ya miaka 30. Saruji mifuko 40. Kokoto lori moja. Nondo za milimita 12. Bawaba. Parafujo. Nikampa kijana wa bodaboda aipeleke kwa muuzaji, nami nikaketi kivulini nikijiona nimefanya jambo.

Lori lilipofika, fundi alipanda juu, akachota gao la mzigo ule, akashuka bila kusema neno. Akaenda kwenye pipa, akajaza ndoo maji, akatupa humo konzi moja ya kokoto.

Kokoto ikaelea.

"Mwalimu," akaniambia, "hii mimi siweki kwa slabu yako."

Slabu yenyewe ilikuwa ya kubebea tangi la lita 5,000, juu ya jikoni. Maji ya kiasi hicho yana uzito wa tani tano. Nikamuuliza kwa nini basi wameniletea uchafu huu. Akacheka. "Si uchafu. Uliandika kokoto, wakaleta kokoto. Ungeandika balasti ungeletewa balasti."

Nilichokuwa nimeletewa ni changarawe ya volkano, yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo wengi wetu twayajua bafuni, ya kusugulia visigino. Mlima Longonot uko hapo jirani, na ardhi ya huku imejaa majivu na mawe ya namna hiyo. Kwa mtu wa Mai Mahiu, vijiwe vidogo vidogo ni kokoto, viwe vizito au vyepesi, vya mtoni au vya mlimani. Balasti ni kitu kingine kabisa. Ni jiwe gumu lililopondwa kwa mashine, lenye ncha na kingo, likapita kwenye chekeche ili ukubwa wake ujulikane. Kokoto huokotwa, balasti hutengenezwa. Na zege la kubeba tani tano linataka jiwe gumu ndani yake, kwa sababu saruji kazi yake ni kushikanisha tu. Jiwe likipondeka, saruji haina cha kushika.

Nimelitafakari tukio hili sana, maana mimi ni miongoni mwa wale waliowafundisha vijana kwamba "balasti" ni uvivu wa mafundi, kwamba Kiswahili kina neno lake, nalo ni kokoto. Nimewahi kulikata neno hilo kwa wino mwekundu katika insha. Leo nasema nilikosea. Neno la fundi lilikuwa na mpaka ambao neno langu halikuwa nao, na mpaka huo ndio uliokuwa kati ya tangi la maji na kichwa cha mpishi.

Tuutazame basi msamiati wa ujenzi tunaowapa watoto. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mwanafunzi wa darasa la nane alitarajiwa kujua kombamoyo, mwamba, upenu, shubaka, timazi na tezo. Ni maneno mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini hebu yatazame kwa jicho la msomi. Ni nyumba ya nani hii? Ni nyumba ya pwani: paa la makuti, boriti za mikoko zilizokatwa Lamu au Rufiji, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanurini, shubaka ukutani la kuwekea taa. Nyumba hiyo ina heshima yake, na Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2001. Ila mtoto wa Mai Mahiu hajawahi kuiona. Yeye anaishi katika nyumba ya mabati, au ya mawe ya sita kwa tisa yaliyochongwa kwa mashine, yenye paa la mbao za sipresi, gata ya kukingia maji ya mvua na dirisha la chuma. Kwa nyumba hiyo yake, kitabu kimekaa kimya. Akitamani kuieleza anachukua maneno ya mjengo, kisha mwalimu anamwambia hayo si Kiswahili. Sasa aseme nini?

Kuna wenzangu watakaonijibu kwamba tukifungua mlango huu lugha itaingiliwa na kila takataka. Nami nawauliza, mlango wenyewe ulikuwa umefungwa lini? Saruji, neno ambalo tunalishika kama kwamba lilizaliwa na babu zetu, limetoka kwa Waajemi. Kwao, na hadi leo kule Oman, saruji ni mchanganyiko wa udongo uliochomwa uliotumiwa kujengea mifereji ya maji. Dirisha ni Kiajemi pia. Parafujo ni Kireno. Bawaba imetoka kwa Waarabu, ambao kwao ni lango. Na sakafu je? Kwa Kiarabu neno lile lina maana ya paa! Lilipofika katika majumba ya ghorofa ya mwambao, paa la chumba cha chini lilikuwa ndilo lenye kukanyagwa na wa juu, wakalipondaponda kwa chokaa likawa gumu, na jina likateremka polepole kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuna chuo kilichokaa kikaamua. Waliojenga ndio waliosema.

Kwa hiyo simiti, balasti, ringi, lintoli na slabu hazina kosa la nasaba. Zimekuja kwa njia ile ile, ila tu zimekuja jana.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani nimewakabidhi mafundi kamusi nzima. Maneno yao mengine yana hatari, na hapa sitawabembeleza. Chukua hilo hilo "simiti". Mjengoni Kenya neno moja linabeba unga ulio mfukoni, mchanganyiko wa unga na mchanga wa kujengea mawe, na wakati mwingine hata zege lenye balasti. Nimemsikia mtu wa mkono akiambiwa "ongeza simiti" akaongeza mchanganyiko, kumbe fundi alitaka unga. Kipimo cha kawaida cha zege, saruji moja kwa mchanga mbili kwa balasti nne, hakisameheki kwa makosa ya namna hiyo. Hapa Watanzania wametushinda. Wana saruji kwa unga na zege kwa mchanganyiko, na zege limewakaa ulimini hata wakalitungia msemo: zege halilali. Ukishalikoroga ulimwage siku hiyo hiyo, maana kesho litakuwa jiwe. Sioni sababu ya sisi kutolichukua. Kadhalika nondo, ambayo sisi twaiita "chuma" tu, kana kwamba kila chuma ni sawa.

Au chukua "geji". Mwenye nyumba anafika dukani, anaambiwa kuna mabati ya geji 28, 30 na 32. Akili ya kawaida inamwambia kubwa ni bora, 32 ipite 28. Sivyo. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba zaidi. Geji 28 ndilo nene kati ya hayo matatu, na upepo unaoteremka kutoka Kijabe unalijua hilo vizuri kuliko mnunuzi. Neno limeingia, lakini maelezo yake hayakuingia nalo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanaleksikografia, na hatukuifanya kwa sababu tulikuwa tukibishana kama neno lenyewe ni halali.

Fundi wangu aliniuliza swali ambalo bado sijalijibu sawasawa. "Haya mawe mepesi, kwa Kiswahili chenu cha vitabu yanaitwaje?" Nikamwambia ni mawe ya kusugulia miguu. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, hilo si jina. Hiyo ni kazi yake moja." Naam, alinishika. Mawe hayo yana kazi nyingine. Warumi waliyatumia katika sehemu ya juu ya kuba la Pantheon mjini Roma, kwa makusudi, ili kuba liwe jepesi, na kuba hilo limesimama karibu miaka 1,900. Majivu ya volkano yakisagwa yanaweza kuchanganywa na saruji. Aina hiyo ya majivu inaitwa pozolana, kwa jina la mji wa Pozzuoli karibu na Napoli. Huwa naliwaza jina hilo kila ninapopita kile kikanisa kidogo cha mawe kwenye barabara ya zamani ya kuteremka Mai Mahiu, kilichojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka wa 1942 walipokuwa wakiichimba barabara hiyo. Watu hao walikuwa wametoka nchi ya volkano, wakaletwa nchi nyingine ya volkano. Jivu la Napoli lina jina duniani kote. La Longonot, ambalo twalikanyaga kila siku, halina hata ukurasa.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya duka la vifaa, yasipandishwe hadhi. Ngoja basi nikumbushe jingine la Mai Mahiu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliteremka kutoka Old Kijabe yakakipiga kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 40 walikufa. Nyumba zilikwenda na waliolala ndani. Mwanzoni sote, redioni, magazetini na sokoni, tulisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba hapakuwa na bwawa. Lilikuwa tuta la reli lenye njia ya maji chini yake, njia ikaziba kwa takataka za mvua, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Bwawa hujengwa lizuie maji, kwa hiyo aliyeambiwa bwawa limepasuka atamtafuta aliyelijenga. Tuta la reli halikujengwa lizuie maji hata kidogo, na aliyeambiwa kalvati imeziba atauliza ni nani aliyepaswa kuizibua, na mara ya mwisho ilizibuliwa lini. Hayo ni maswali mawili tofauti kwa watu wawili tofauti. Kalvati ni neno ambalo kila mtu wa barabara na reli huku analitamka, lakini siku ile halikuwa tayari midomoni mwa watangazaji wala kalamuni mwa waandishi, maana ni neno la wenye sepetu. Sisemi kwamba lingemwokoa mtu. Maji yalikuwa yameshapita. Nasema lingetuwezesha kuuliza swali lililo sahihi tangu mwanzo badala ya baadaye.

Na sheria nayo? Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka wa 2024, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968, zimeandikwa kwa Kiingereza, Kiingereza cha wahandisi hasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini anayekoroga zege, anayekunja ringi, anayeamua mto utakuwa hatua ngapi kutoka kwa msingi wa nyumba ya mjane fulani, ni fundi ambaye kazi yake yote anaifanya kwa Kiswahili cha mjengo. Kumtafsiria kanuni hizo kwa kombamoyo na shubaka itakuwa kazi bure. Zitafsiriwe kwa maneno yake, na pale maneno yake yanapochanganya mambo, kama simiti, aketishwe na wanaisimu na wahandisi wakubaliane: hili ni unga, hili ni zege. Nimehudhuria makongamano mengi ya istilahi maishani mwangu. Wameketi humo maprofesa, wachapishaji, wakuzaji mitaala, wakati fulani hata wanasiasa. Sikumbuki hata siku moja nimeketi karibu na mtu mwenye saruji kwenye kucha.

Kuna dalili kwamba yawezekana. Mtarakwa, mti ambao watu wa huku bara hutoa nguzo kwa sababu mchwa hauwezi, uliingia katika Kiswahili na jina lake la huku huku. Hakuna aliyepiga kelele. Na mwiko wa kujengea ni mwiko kitabuni na ni mwiko mjengoni, ingawa mke wangu bado huona ajabu kwamba chombo cha kusongea ugali kina ndugu yake wa kupakia simiti. Samahani, wa kupakia nini? Hata mimi sijapona.

Slabu ilimwagwa Alhamisi iliyofuata. Nilikuwa nimeandika orodha mpya, safari hii fundi akiniamuru, nami nikaandika: balasti, lori moja. Muuzaji aliyapokea maandishi yangu bila swali. Jioni, tangi lilipokuwa bado chini likisubiri zege likomae, fundi aliniomba ile orodha ya kwanza aende nayo. Anasema anataka kuwaonyesha vijana wake neno parafujo.

Lile rundo la mawe mepesi bado liko langoni, kwa kuwa mwenye lori alikataa kulirudisha. Watoto wa majirani hupita wakitoka shule, wakabeba mawili matatu, wakaenda kuyaelezesha kwenye pipa.