Sikio Hufunguliwa kwa Ulimi

Mchimba dhahabu wa Macalder, Migori, anayeshuka shimoni kwa kamba hana haja ya kuyafikiria masikio yake. Hewa ni nyepesi mno. Ili kiwambo cha sikio kielemewe na uzito unaoletwa na mita 1 tu ya maji, shimo lingebidi liende chini karibu kilomita nzima. Jirani yake anayeteremka hadi Sori au Muhuru Bay, akajitosa katika Ziwa Victoria kunasua wavu ulioshikwa na mwamba, hukutana na uzito huo kabla nyayo zake hazijatoweka juu ya maji.

Hapo ndipo wanapoponzwa vijana wengi wenye kifua kizuri. Wamezoea kushindana nani atakaa chini muda mrefu, wakaamini kwamba kuzamia ni kazi ya mapafu. Mapafu huvumilia. Sikio halivumilii, na hudai haki yake katika mita tatu za kwanza, wakati pumzi ingali tele.

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo cha hewa, sikio la kati. Mlango wake ni mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, nao umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu Mwitaliano wa karne ya 16. Mrija huo hukaa umefumba. Ukimeza mate au ukipiga mwayo, misuli huufungua mara moja na kuuachia, na ule mlio mdogo unaousikia kichwani ndio wake. Mzamiaji akishuka, maji hukisukuma kiwambo kwa ndani. Asipoingiza hewa, chumba kile huanza kunyonya: huvuta kiwambo, huvuta utando wake, mwishowe huvuta majimaji na damu. Ubaya ni kwamba mdomo wa mrija ni laini. Tofauti ya presha ikifikia ile ya mita 1 na robo hivi ya maji, hubanwa ukakwama, na misuli haina tena uwezo wa kuufungua.

Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo azibue masikio amekwisha kuchelewa. Anachofanya wakati huo karibu kila asiyefundishwa ni kubana pua na kupuliza kwa nguvu zake zote. Mlango umejifunga kwa komeo, naye anausukuma kwa bega. Nguvu hiyo ya kifua hupanda hadi kwenye majimaji ya sikio la ndani, na inaweza kupasua utando mwembamba unaoyatenga na sikio la kati. Matokeo yake ni kizunguzungu, mvumo usiokoma na uziwi, ambao pengine hauponi.

Kubana pua na kupuliza kuna historia ya heshima. Antonio Maria Valsalva, tabibu mwingine Mwitaliano, aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1704, akikusudia kusukuma usaha utoke kwenye sikio bovu. Hakuwa anamfikiria mtu aliyegeuza kichwa chini, miguu juu, kwenye maji. Katika hali hiyo hewa ya mapafu iko juu ya koo, tumbo limekaza, na kadiri unavyoshuka kifua kinazidi kubanwa. Anayetegemea kifua huishiwa mapema.

Njia inayofaa ilitoka angani. Hermann Frenzel, daktari wa Kijerumani, aliwafundisha marubani waliokuwa wakiporomosha ndege zao kutoka juu kushambulia. Katika njia yake mapafu hayashiriki kabisa. Unajaza hewa kidogo kinywani, unafunga koo kama anayetaka kuinua gunia, unabana pua, kisha unainua ulimi nyuma kana kwamba unataka kutamka "k". Ulimi unakuwa pistoni ya pampu ya baiskeli: hewa ya kinywani haina pa kwenda ila kwenye mirija. Ukitaka kujua kama umeipata, weka kiganja tumboni mbele ya kioo. Tumbo likitikisika, bado unatumia kifua. Kikoromeo kikipanda na pua ikatutumka huku tumbo limetulia, umeipata. Nilipojifunza mimi, siku nyingi zilipita kabla sijaloa hata ukucha, na ninashukuru kwamba mwalimu wangu hakunionea huruma.

Sisemi haya kwa kuwadharau wazamiaji wa kale, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wetu. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika Mashariki wengi waliochukuliwa utumwani hadi Ghuba ya Uajemi walitiwa kwenye majahazi ya lulu. Mzamiaji alivaa puani kibanio cha pembe au mfupa kiitwacho fitam, akashuka na jiwe mguuni, na mwenzake juu akamvuta kwa kamba. Kile kibanio kilikuwa chombo cha akili sana: pua imezibwa tangu juu, mikono yote miwili iko huru. Kosa ninaliona kwenye jiwe. Jiwe halimsubiri mwenye sikio zito, na aliyekuwa mtumwa hakuwa na ruhusa ya kurudi juu akasema leo nina mafua.

Al-Masudi, mwanahistoria Mwarabu aliyesafiri mwaka 916 kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukitambua kuwa Pemba, hadi Oman, aliandika kwamba wazamiaji wa lulu walipasua mashina ya masikio ili pumzi itokee huko, kwa kuwa pua zilikuwa zimezibwa. Mimi naamini alichosimuliwa kilikuwa viwambo vilivyotoboka: ukivipulizia, hewa hutoka sikioni kweli. Aliandika pia habari ya pamba yenye mafuta masikioni. Hiyo tusiirithi. Kizibo hufungia hewa kati yake na kiwambo, mahali ambapo mrija haufiki. Na sikio lililotoboka si njia ya mkato. Maji yenye ubaridi kuliko mwili yakiingia ndani, dunia huzunguka, na mzamiaji asijue juu ni wapi.

Anayetoka Shimoni au Vanga kule pwani kuja kuzamia kwetu ajue pia kwamba ziwa si bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa iliyoulalia ni pungufu kwa asilimia 12 au 13. Baharini hewa iliyofungiwa hubaki nusu ya ujazo wake kwenye mita 10. Huku, kwa hesabu yangu, ni kama mita 9. Tofauti ni ndogo, lakini inaangukia upande mbaya: tuanze mapema zaidi.

Mapema maana yake ni juu ya maji, kabla ya kuinama. Zibua mara moja hapo, kisha kila nusu mita mpaka upite mita tano, ukishuka kwa kushika kamba, miguu ikitangulia, hadi utakapozoea. Kidevu kisiinuke kutafuta chini, kwa sababu shingo ikinyooshwa mrija hukaza. Miwani ya kuogelea isiyofunika pua uiache nyumbani, maana hewa yake haina njia ya kuongezwa, na macho ndiyo yatakayonyonywa. Ukiwa na mafua usizamie. Dawa ya matone ya pua huweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikashindwa kutoka unapopanda. Sikio likigoma, panda mita moja ujaribu tena taratibu. Likigoma mara ya pili, siku hiyo imekwisha.

Mashimo ya machimbo yaliyojaa maji si mahali pa kujifunzia, hata kama yanaonekana yametulia. Zebaki ya kusafishia dhahabu imetumika sana katika eneo hili, na kuta za mashimo hayo hazina dhamana. Wala usizamie peke yako, popote pale. Ukipanda na damu puani au sikioni, kizunguzungu, au sikio moja limezibika na halifunguki, usirudi majini kabla daktari hajaliangalia kwa taa. Nawaomba wazee wa kamati za fukwe, Sori hadi Muhuru: kijana wa kunasua nyavu afundishwe kwanza nchi kavu, mbele ya kioo, kabla ya kukabidhiwa kamba.